Sifa za Mheshimiwa Mkwaruzo

Duniani hapa hakuna kilichokosa wa kukisifu. Ngamia ana mashairi yake, jahazi lina nyimbo zake, na wapo wanasiasa waliosifiwa miaka mingi kabla ya kufanya lolote la kusifiwa. Aliyesahaulika ni Mkwaruzo, yule anayetatarika nyuma ya muziki wa santuri za kale mpaka wageni wakuulize kama redio yako imeharibika. Leo nimesimama kumtetea, na nitamwita Mheshimiwa, maana wengi wenye cheo hicho wamefanya machache kuliko yeye.

Penye heshima yake hasa ni kwenye koncheto za piano, tungo zile ambamo mpiga piano mmoja hushindana na okestra nzima kisha wakapatana. Chukua ile ya pili ya Rachmaninoff, ambayo mtunzi mwenyewe aliirekodi mwaka 1929 pamoja na Okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski. Utungo huanza kwa piano peke yake, kwa sauti ya chini, pigo zito baada ya pigo. Hapo wa kwanza kusikika si Rachmaninoff. Ni Mheshimiwa, ametangulia ukumbini, amekaa kiti cha mbele, na hataondoka mpaka mwisho. Mtunzi alifariki 1943, Stokowski akamfuata 1977. Mheshimiwa bado yupo kazini na hajaomba likizo.

Nasaba yake si ya kudharauliwa. Mama yake ni mdudu mdogo wa India anayenyonya utomvu wa miti na kutoa ulimbo uitwao sheleki. Baba yake ni vumbi la mawe. Viwanda vilichanganya viwili hivyo na kuvikandamiza kuwa santuri ngumu, na lile vumbi lilitiwa makusudi, liinoe sindano ya chuma ipate kukaa vizuri ndani ya mfuo. Sindano ikasagika, santuri nayo ikasagika, na katika ugomvi huo akazaliwa yeye. Hana ubaguzi hata kidogo. Mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, Mheshimiwa alirudi naye Zanzibar ndani ya santuri, bila tiketi, akaisindikiza taarabu kwa adabu ileile anayomsindikizia Beethoven.

Lakini fadhila zake kubwa zinajulikana na kundi dogo tu: wale wanaotafuta matoleo mapya ya rekodi hizo za kale. Maradhi yao hayana dawa. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ulibeba dakika nne na kidogo, hivyo koncheto ya nusu saa ilikatwakatwa na kugawanywa katika santuri nne au tano. Baadaye vipande vikaungwa upya kwenye santuri za plastiki, kisha kwenye CD, kisha kwenye mafaili ya intaneti, na kila mara kwa mkono wa kampuni nyingine. Vladimir Horowitz aliirekodi koncheto ya tatu ya Rachmaninoff jijini London mwishoni mwa 1930, Albert Coates akiongoza. Kazi hiyo moja imetolewa tena na tena na lebo mbalimbali, na kila jalada linaapa kwamba safari hii sauti imekarabatiwa kuliko safari zote zilizopita. Mtafutaji amwamini nani?

Amwamini Mheshimiwa. Kila santuri ina makovu yake, na ni nadra santuri mbili kuumia mahali pamoja. Sikiliza matoleo mawili kwa zamu. Ukisikia "tak" moja kavu pale okestra inaponyamaza, kisha kwenye toleo la pili ukaisikia "tak" ileile, sekunde ileile, kwa ukali uleule, basi umeshamkamata mtu. Ni vigumu kampuni mbili kuwa zilipata santuri mbili tofauti zenye kovu moja. Ama zilichota kisima kimoja, ama mmoja alinunua CD ya mwenzake, akaipunguza makali, akaibandika jalada jipya na kuandika jina lake. Jalada halisemi. Muuzaji hasemi. Maandishi ya kitabu cha ndani, yenye kurasa nane juu ya utoto wa mpiga piano, hayasemi. Mkwaruzo anasema, tena bila kulipwa.

Majina ndiyo yenye kudanganya. Mpiga piano wa Romania, Dinu Lipatti, alifariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 33, akiacha rekodi chache zinazotafutwa kama lulu. Miaka ya 1960 kampuni ya EMI ilitoa koncheto ya Chopin yenye jina lake, na wajuzi wakaisikia roho yake katika kila noti. Mwaka 1981, baada ya BBC kuirusha hewani, ikabainika kwamba mpigaji alikuwa Halina Czerny-Stefańska wa Poland, mwanamke aliyekuwa hai na mwenye afya. Hapo ndipo ikatafutwa rekodi ya Lipatti mwenyewe, aliyoipiga Zürich mwezi Februari 1950. Na tazama kisa cha 2007, ilipofichuka kwamba CD nyingi zilizouzwa kwa jina la Joyce Hatto zilikuwa kazi za wapiga piano wengine, mume wake akiwa ndiye aliyezitengeneza. Alichagua rekodi za kisasa, safi, zisizo na hata kovu moja. Alijua alifanyalo: mwizi mwenye akili hambebi shahidi kwenye mzigo.

Pamoja na utumishi huo wote, wapo wanaotaka afukuzwe. Wana kompyuta, wana vichujio, na wanajigamba kwamba wamemmaliza. Kweli wamemmaliza, ila wamemzika pamoja na piano. Noti ya juu kabisa ya piano hutikisa hewa mara 4,186 kwa sekunde, na sauti nyembamba zinazoipa rangi yake ziko juu zaidi ya hapo, mtaa uleule anaoishi Mheshimiwa. Ukiubomoa mtaa kumtoa mpangaji mmoja, wote wanakosa makazi. Kinachobaki ni piano iliyofunikwa blanketi, ikipigwa na mtu aliyevaa glavu, chumba cha pili. Mafundi wenye busara wanalijua hili. Ward Marston wa Marekani, fundi asiyeona lakini mwenye masikio ya kuogopwa, humpunguza sauti bila kumnyima pumzi. Lebo ya Kiingereza ya Pearl ilikuwa maarufu kwa kumwacha aingie karibu alivyo, na viatu vyake. Wakosoaji walilalamika, wapenzi wa piano walinunua.

Wengine watasema mkanda wa sumaku ulitupa muziki bila yeye. Sawa. Walter Gieseking alirekodi koncheto ya tano ya Beethoven mjini Berlin, Artur Rother akiongoza, katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili, kwenye mkanda wa Kijerumani, kwa stirio, jambo la ajabu kwa wakati ule. Mkwaruzo hayupo. Na katika nafasi tulivu za sehemu ya kwanza unasikia mizinga ya kutungulia ndege. Kila kiti lazima kikaliwe na mtu.

Kuna pia suala la sheria, nalipita haraka kwa sababu mawakili hawana mdundo. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua dhidi ya kampuni ya Naxos na kuipa ushindi kampuni ya Capitol, katika kesi iliyohusu haki za rekodi za miaka ya 1930, zikiwemo za mpiga piano Edwin Fischer. Tangu hapo matoleo kadhaa yanayouzwa Ulaya bila shida hayapelekwi Marekani. Mheshimiwa anavuka mipaka. Ni CD yake inayozuiwa forodhani.

Na CD zenyewe, zile zilizoahidiwa kutudumia milele! Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, kilitoa CD ambazo baada ya muda ziligeuka rangi ya shaba, zikaanza kukataa kusomeka, na miongoni mwake zilikuwamo rekodi za kihistoria za Pearl. Kwa hiyo mtafutaji anatafuta upya alichokwisha kukipata, ilhali santuri ya 1929, ikiwa haijaangushwa, ukiiwekea sindano inaimba.

Ndiyo maana muuzaji anaponionyesha toleo jipya na kunihakikishia kwamba limesafishwa kabisa, halina hata chembe ya kelele, namshukuru, kisha namwuliza kama hana jingine ambalo bado halijafikishwa kwa dobi.