Grogan, Makumbusho ya Anga

Chombo cha anga kikistaafu Marekani, miji hukigombania kama bibi harusi. Mwaka 2012, Los Angeles ilikata miti takriban 400 ili chombo cha Endeavour kipite barabarani kwenda makumbusho.

Kwetu chuma hujileta chenyewe. Desemba 30, 2024, pete ya roketi ya kilo 500 hivi ilidondoka kijijini Mukuku, Makueni, bila hodi. Shirika la Anga la Kenya likaibeba.

Mimi, mkazi wa Ngara, ningeipandisha hapo Museum Hill, watoto wa shule waishike. Fundi wangu wa Grogan, soko la vipuri vya magari hapa Nairobi, alicheka, grisi viwikoni.

"Mkubwa, ingeangukia hapa, kufikia saa tisa ingekuwa karai, jiko na nusu geti."

"Na mwenyewe akija kuiulizia?"

"Tunamuuzia. Tunamwambia ni orijino, imetoka Japani."

Sikubisha. Kioo cha pembeni cha gari langu nimekinunua mara mbili, na mara ya pili nilikitambua kwa mkwaruzo wake. Makumbusho huhifadhi kumbukumbu. Grogan hukuuzia yako, bila risiti.