Waraka kutoka Nagoya: Kuhusu Vitz, Uzee wa Magari na Fedha za Maziko

Nchini Japani, gari la petroli lililotimiza miaka 13 tangu kusajiliwa huhesabiwa kisheria kuwa limezeeka, na kodi yake ya mwaka huongezwa kwa takriban asilimia 15, kwa hoja kwamba magari makuukuu huchafua hewa kuliko mapya. Hati ya kodi hufika mwezi wa Mei, na mwaka huu, kwa Vitz ya lita moja inayomilikiwa na mwandishi wa waraka huu, kiasi kimepanda kutoka yeni 29,500 hadi 33,900, ilhali gari lenyewe halijakohoa hata siku moja. Ndugu wa Tandika, Dar es Salaam, wanaojua kwamba gari la umri huo ndiyo kwanza linashuka bandarini, huitwa jipya, na hupitishwa mtaa kwa mtaa ili wenye wivu walione mapema, watahitaji maelezo.

Maelezo hayo huanza kabla ya gari kupatikana. Kwa sheria ya mwaka 1962, mkazi wa mjini hawezi kusajili gari la aina hii pasipo shako shomei, yaani hati ya polisi inayothibitisha kwamba gari lina mahali pa kulala, na kwamba mahali hapo hapazidi kilomita mbili kutoka kwa mwenyewe. Ombi huambatana na mchoro wenye vipimo. Mtu aliyezoea kuegesha chini ya mwembe wa jirani, kwa ulinzi wa babu wa dukani ambaye naye amelala, hujikuta akichora kwa rula malazi ya gari yaliyo makubwa kuliko chumba chake mwenyewe. Na katika suala hili mwandishi hatii chumvi, kwa kuwa alivipima vyote viwili.

Hata hivyo, hati hiyo ni utangulizi tu. Kitabu chenyewe ni shaken, ukaguzi wa lazima ambao gari jipya la binafsi huupitia baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na pasipo huo haliruhusiwi kukanyaga barabara. Wengi huilipa gereji iwasimamie. Mbahili, mwenye tabia ambayo ughaibuni huitwa kujitegemea, hulipeleka mwenyewe kwenye kituo cha serikali na kuingia katika foleni ya mashine. Mkaguzi hugongagonga nati za magurudumu kwa kinyundo na kusikiliza mlio wake, na kutoka hapo ubao wa umeme ndio unaoamrisha: sogea, simama, kanyaga breki, achia. Kisha matairi hupandishwa juu ya roli za chuma zinazozunguka, na dereva hutakiwa kukanyaga mafuta mpaka dashibodi isome kilomita 40 kwa saa, hapo atoe ishara ili mashine ipime kama dashibodi inasema kweli, na muda wote huo gari halijasogea hata shubiri. Wanaotaka kujua maisha ya ughaibuni yakoje wangeonyeshwa roli hizo, na mwandishi angeokoa vocha nyingi za simu.

Kinachotisha zaidi ni alama za matokeo. Gari lililofaulu huwashiwa duara, na lililoshindwa huwashiwa alama ya kosa. Sasa duara, kwa mtu aliyesoma shule ya msingi Tanga, ni sifuri, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiichora kwa wino mwekundu, ukurasa mzima, hakuwahi kuikusudia iwe pongezi. Kwa hiyo kila duara linapowaka mwili hunywea kwanza, na akili hufuata baadaye kuueleza kwamba breki ni nzima. Na ingawa mtihani huu hurudi kila baada ya miaka miwili, mwili bado haujasadiki.

Ni halali basi kuuliza kama uimara wa kigari hiki, ambacho nyumbani wangekikejeli kwa jina la beibi woka, ni sifa ya waliokiunda au ya serikali isiyokipa nafasi ya kuugua. Katika miaka yote hii kimedai oili, matairi, betri na mipira ya waipa, basi. Lakini sifa hiyo ina gharama ambayo vitabu vya uchumi haviitaji, kwani mwenye gari lisiloharibika hana fundi, na asiye na fundi hana pa kushinda Jumamosi. Hana benchi chini ya mkorosho, hana kahawa na kashata, hana mtu wa kubishana naye juu ya Simba na Yanga huku wote wakisubiri spea ambayo tangu asubuhi iko njiani. Mwandishi amewahi kufungua boneti pembeni mwa barabara kwa makusudi, gari likiwa zima kabisa, apate kuona kama kuna atakayesimama na kutoa ushauri. Hakusimama mtu, huku watu wana adabu.

Kuna ada nyingine inayostahili kufahamika nyumbani. Chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005, mwenye gari hulipia mapema gharama za kulivunjavunja na kulichakata litakapokufa, jambo ambalo Tandika lingeitwa, bila kuzungukazunguka, fedha za maziko. Gari likisafirishwa nje ya nchi, fedha hizo hurejeshwa kwa anayeziomba, ikimaanisha kwamba dola yenyewe inakiri kuwa gari linalokwenda Dar es Salaam haliendi kufa. Chama cha kuzikana cha wahamiaji, ambamo mwandishi huchangia kila mwezi ili siku moja asafirishwe, hakina utaratibu huo. Mweka hazina, alipoulizwa kama mwanachama anayerudi akiwa hai hurudishiwa michango yake, alijibu kwamba suala hilo halijawahi kujitokeza.

Vitz inatangulia nyumbani, basi. Bandarini itatozwa ushuru wa uchakavu, ikitangazwa kuzeeka kwa mara ya pili na serikali ya pili, kabla ya kufika mtaani na kuwa mpya. Mjomba atakayeipokea anafahamishwa kwamba redio yake hukomea masafa ya 90, kwa hiyo stesheni nyingi za nyumbani hazitashikwa mpaka fundi apachike kigeuza masafa. Anafahamishwa pia kwamba kila atakapowasha injini mwanamke fulani atazungumza Kijapani kwa upole mkubwa: ni kifaa cha kulipia barabara kuu, kinalalamika kwamba kadi haijachomekwa, na hakuna haja ya kuita shehe. Stepni isitafutwe. Gari lilitoka kiwandani na chupa ya dawa ya pancha badala yake, nayo ina maelekezo marefu, yote kwa Kijapani.