Jinsi ya Kuua Simu kwa Heshima na Kuifufua Kabla Mwenyewe Hajajua

Kwanza tuelewane, mimi na wewe. Ile simu yako hukuiruti kwa shida. Uliiruti, yaani ulijipa mamlaka yote juu ya mfumo wake, ili uondoe programu za kampuni zisizofutika, ubadili mwandiko, uweke mlio wako mwenyewe wa kuwashia, kisha ukae kijiweni na Tecno ya laki tatu ukiwaonyesha wenzako mambo ambayo simu zao za milioni haziwezi. Safi kabisa. Majivuno ya namna hiyo yamewafundisha kompyuta vijana wengi wa Kariakoo, na wa Luthuli kule Nairobi, na mimi nayaheshimu.

Shida ni kwamba safari hii simu ni ya shemeji, shemeji anarudi jioni, na skrini imeganda kwenye nembo. Vuta kiti.

1. Tuliza vidole

Kwa kawaida simu haifi kwenye kosa la kwanza. Inakufa kwenye la tatu, pale mwenye aibu anapoanza kubonyeza kila kitu ili afute kosa la kwanza. Chomoa waya. Kunywa chai. Kisha pima kifo chenyewe ni cha aina gani.

Ikiwa inaonyesha nembo, inajizima, inarudi palepale, hiyo haijafa, imepotea njia tu. Ikiwa inawaka vizuri ila haishiki mtandao, umegusa sehemu ndogo lakini nyeti, na nitaifikia. Ikiwa ni giza tupu, ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, fungua Device Manager, utazame. Jina lolote likichomoza, hata kwa sekunde mbili, liwe la MediaTek au Qualcomm 9008, pumzi ipo. Hapo ni chipu yenyewe inayoitika. Maagizo yake ya kwanza kabisa yamechongwa ndani yake kiwandani, mahali ambapo wewe na faili lako bovu msingeweza kupafikia hata mngetaka. Matumaini yote yanayofuata yamesimama hapo.

2. Jaribu uvivu kabla ya ushujaa

Mtu mwenye sifa hukimbilia kuflashi simu nzima upya, yaani kuipakia mfumo wote tena. Wewe kuwa mvivu. Kama ulitumia Magisk, programu ya kuruti aliyoianzisha John Wu mwaka 2016, kumbuka kilichofanyika: Magisk haikugusa mfumo wote. Ilichukua faili moja dogo la kuwashia simu, boot.img, ikalitia kiraka, nawe ukalirudisha ndani. Kwenye simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, mara nyingi faili hilo ni init_boot.img, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu wanafuata maelekezo ya zamani.

Kwa hiyo tiba ni kurudisha faili lile lile likiwa halijatiwa kiraka. Ni faili la megabaiti tu, si la gigabaiti nne za kumaliza bando lako. Sharti moja tu: litoke kwenye toleo lile lile la mfumo uliokuwa ndani ya simu. Toleo la mwezi uliopita si toleo hilo.

Iko njia ya mvivu zaidi. Kama simu ilikuwa inawaka na Magisk vizuri, ikagoma baada ya kuweka kijiongezeo (module) kipya, iwashe katika hali salama. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Magisk ikiona simu imeamka hivyo huzima vijiongezeo vyote yenyewe. Washa tena kawaida, kifute kile kilicholeta balaa, na jioni imeokoka. Hakuna atakayejua.

Na simu nyingi za miaka ya karibuni zina pande mbili za mfumo, A na B, mpango ulioletwa na Android 7 mwaka 2016 ili sasisho liingie upande mmoja wakati unatumia mwingine. Umeua A? Ingia Fastboot, hali ambayo simu hupokea amri kutoka kompyuta, andika fastboot set_active b, ujaribu kuwasha. Mara nyingine upande wa pili uko mzima kabisa, unasubiri kuitwa.

3. Ikiwa ni Samsung, soma herufi

Hapa unatumia Odin, programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung, nayo ina sehemu za BL, AP, CP na CSC. Faili la mwisho huja kwa sura mbili. CSC hufuta kila kitu cha mwenye simu. HOME_CSC huacha picha na namba zake zilivyo. Chagua HOME_CSC. Rudia kusoma sentensi hiyo kabla ya kubonyeza, maana mafundi wengi hawakuulizi. Wanaweka lile la kufuta kwa kuwa linaleta maswali machache baadaye.

Sasa hesabu. Kwenye jina la toleo, rudi nyuma kutoka mwisho hadi herufi ya tano. Toleo linaloishia 3CWA2 lina 3. Namba hiyo ni ngazi ya butiloda, yule mlinzi anayeamka wa kwanza simu inapowashwa, na hakubali kushuka. Simu iko ngazi ya 3, umeleta faili la ngazi ya 2, atakuandikia SW REV CHECK FAIL na hataki kubembelezwa. Tafuta faili la 3 au la juu zaidi. Watu wamepoteza wikiendi nzima wakibadilisha waya na kompyuta, kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jina la faili.

Kuna kitu kimoja ambacho ukishakiua hakifufuki, nami sitakuficha. Kwenye Samsung zenye Knox, mfumo wake wa usalama, kuna fyuzi ya kielektroniki ndani ya chipu. Ukiwasha simu na mfumo usiotambulika, fyuzi inaungua, na skrini ya Downloading itaandika 0x1 maisha yote ya simu. Samsung Pay na Secure Folder zimeaga. Usinunue programu ya kurudisha 0x0. Fyuzi iliyoungua imeungua. Ukiiuza simu hiyo, sema bei ukiwa umeshataja hilo.

4. Tecno, Infinix na itel: chagua mstari wa pili

Hawa ndugu watatu ni wa kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, nao ndio wamejaa mifukoni mwetu. Nyingi zina chipu za MediaTek, hivyo chombo ni SP Flash Tool. Baadhi, hasa itel, zina chipu za Unisoc, na faili lake huishia na .pac. Fungua kwanza mipangilio ya simu inayofanana nayo, au tazama boksi, upate namba ya modeli kamili. Jina la kibiashara halitoshi. Simu mbili zinaweza kuitwa jina moja sokoni na kuwa na bodi tofauti ndani.

SP Flash Tool ina orodha fupi juu: Download Only, Firmware Upgrade, na Format All + Download. Jicho la mwenye haraka huvutwa na la mwisho, kwa sababu linaonekana kama linafanya kazi kamili. Usiliguse. Linafuta hata NVRAM, kijisehemu kinachobeba IMEI, namba ya kuitambulisha simu, na vipimo vya redio ya simu hiyo moja, vilivyowekwa kiwandani na visivyopatikana kwenye faili lolote la kupakua. Utajua umekifuta pale orodha ya Wi-Fi itakapokuletea mtandao uitwao NVRAM WARNING, na *#06# itakapokupa namba isiyofanana na ya kwenye boksi, au isikupe chochote.

Chagua Download Only. Zima simu, bonyeza kitufe cha kuanzia kwenye kompyuta kwanza, kisha chomeka waya ukiwa umeshikilia vitufe vya sauti. Ikigoma kutambulika, tatizo kwa kawaida ni draiva au waya. Waya mwingi wa mitaani unabeba chaji tu. Nyuzi za data hazimo.

5. Xiaomi: tazama chini kulia

Dirisha la MiFlash, programu ya kuflashi Xiaomi, lina chaguo tatu chini, na lile linalokuja limeshachaguliwa ni clean all and lock. Maana yake: futa vyote, kisha funga butiloda. Sasa fikiria simu iliyotengenezwa kwa soko la China, ikaletwa Dar es Salaam, muuzaji akaitia mfumo wa kimataifa ili iuzike. Wewe unaflashi mfumo wa kimataifa, unaacha chaguo lile, mlango unafungwa, simu inagundua kwamba mfumo si wa nchi yake na inakataa kuwaka. Kuifungua tena huenda ukasubiri saa 168, na shemeji hasubiri siku saba.

Chagua save user data; clean all peke yake haifungi mlango, lakini nayo hufuta vyote. Na kwa simu yoyote ile, si Xiaomi tu: usifunge butiloda mpaka kila faili lililomo ndani liwe la asili. Kufunga mlango huku kuna kiraka ndani ndiyo njia ya uhakika kuliko zote ya kugeuza simu kuwa kipande cha kioo.

Xiaomi pia imeweka kizuizi cha kurudi nyuma tangu 2018. Kabla ya kushusha toleo, andika fastboot getvar anti, ulinganishe namba na ya faili. Kwenye baadhi ya modeli kosa hili halikupi ujumbe wa kistaarabu kama Samsung. Linaiua simu papo hapo.

6. Umeme

Ili umeme usikukatikie katikati ya kazi, tumia kompyuta mpakato yenye betri inayokaa. Simu iwe na chaji nusu au zaidi. Basi.

7. Udanganyifu ninaokukataza

Nimekuruhusu mengi, hili hapana. IMEI ikipotea, usiombe ya simu ya rafiki, usibuni tarakimu 15 zako, na usinakili NVRAM ya simu nyingine ya aina hiyo, kwa sababu utakuwa umenakili na IMEI yake. Tanzania, kuchezea namba hiyo ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishaonyesha haifanyi mzaha: Juni 2016 ilizima simu bandia nchi nzima usiku mmoja. Kenya walitangulia kuzizima mwaka 2012. Zaidi ya sheria, namba hiyo ndiyo inayomsaidia mtu aliyeibiwa kuidai simu yake. Ukiichafua, umemsaidia mwizi. Chukua boksi na risiti, upeleke simu kwenye kituo cha huduma cha kampuni.

8. Picha

Hapa nataka unisikilize kuliko kote.

Simu inaweza kununuliwa nyingine. Lakini ndani ya simu ya shemeji inawezekana kuna sauti ya mama yake aliyefariki, aliyomtumia kwa WhatsApp asubuhi moja ya kawaida. Watu wetu hawana albamu tena. Harusi, mazishi, mtoto wa siku moja, vyote vimo humo. Na simu zilizotoka na Android 10 kuendelea husimba data yote kwa ufunguo uliofungwa ndani ya chipu ya simu hiyo hiyo. Ukishafomati, ufunguo unaondoka, na fundi anayekuahidi kurudisha picha kwa programu ya kompyuta anakula pesa yako. Ujanja wa enzi za Galaxy S2, wa kuchimba kumbukumbu ukakuta picha zilizofutwa, umekwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua butiloda, ambako nako hufuta kila kitu kwa makusudi, nakili picha. Kama umeshachelewa na simu imeganda, panga dawa kutoka ile isiyofuta hadi ile inayofuta: hali salama, boot ya asili, upande wa pili, HOME_CSC, Download Only bila kugusa sehemu iitwayo userdata. Kufomati ni uamuzi wa mwenye simu, hata ikikulazimu kumwambia ukweli jioni hiyo. Unaruhusiwa kumficha kosa ulilolirekebisha. Huna ruhusa ya kumfutia mama yake.

9. Kurudisha, au kusalimu amri

Imewaka? Usisherehekee bado. Piga *#06# ulinganishe na boksi. Piga simu, tuma ujumbe, washa Wi-Fi, fungua kamera zote mbili. Fungua programu yake ya benki. Nyingi hukagua kama simu imerutiwa au butiloda iko wazi, zikitumia ukaguzi wa Google uitwao Play Integrity, na huenda ikamfungia nje. Kwa simu ya mtu mwingine, ondoa ruti kabisa. Majivuno yafanye kwenye simu yako.

Haijawaka hadi saa kumi na moja? Nenda kwa fundi, na uende vizuri. Usiseme "ilizima yenyewe." Fundi wa Kariakoo ameisikia sentensi hiyo tangu asubuhi na anajua bei ya kuiwekea. Mpe modeli kamili, toleo lililokuwamo, jina la faili uliloweka, chombo ulichotumia na ujumbe wa mwisho uliouona kwenye skrini. Dakika tano za ukweli humpunguzia saa mbili za kubahatisha, na bei hushuka. Kubaliana naye malipo kabla hajashika bisibisi. Kaa palepale wakati anafanya kazi, na kabla hajabonyeza chochote mwambie, kwa sauti ya kusikika na majirani zake wa mezani: usifomati mpaka uniulize.