Mkate Uliopanda Gari

Aka! Jana nimesonya, leo nasonya tena, na jambo ni lile lile.

Kijana wetu mmoja katoka kuuza gramu zake za dhahabu soko la madini, mfuko umetuna, kaja hapa kijiweni. "Wazee shikamooni. Hivi mkate gani huu tunaokula Chunya? Mwenzenu nilikuwa Dar, nimekula mkate wa Kifaransa. Huku hakuna kitu." Na mkononi kashika mkate wa slesi, kanunua dukani aje kunywea chai.

Nikauomba niutazame. Mfuko umetoa jasho kwa ndani, matone yamegandia plastiki. Nikabinya katikati, vidole vikaacha mashimo, na mashimo hayakurudi. Nikakata kipande, kikanata kwenye fizi kama ugali mbichi. Jamani, mkate huo ulifungwa ungali na joto, ukapakiwa gari Mbeya mjini, ukapanda mlima kwa zile kona, ukateremka huku kwenye joto letu, ukalala dukani siku sijui ngapi. Utakuwaje mzima?

Kuhusu Dar, mwanangu, nikamwambia, hujakosea. Barabara ya Haile Selassie kuna duka la mikate na mgahawa wake, Épi d'Or, watu wa Masaki na Oysterbay wanalijua miaka mingi. Na unajua jina hilo maana yake nini? Suke la dhahabu. Suke la dhahabu! Sisi ambao Lupa yetu inachimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, mpaka leo mtoto wetu akitaka mkate mzuri anaambiwa akautafute pwani. Hilo linaniuma, sifichi.

Dereva wa transiti, kaka yetu anayevuka Tunduma kwenda Kongo, akadakia. Anasema Lubumbashi mikate mirefu inauzwa barabarani asubuhi, watu wanaibeba kwapani wanaondoka, na mkate ukivunjwa unalia. Wakongo waliupata kwa Mbelgiji, wakaufanya wao. Hakuna anayeusifia kwamba ni wa Ulaya. Ni mkate wa asubuhi, basi.

Na hapo ndipo ninapotaka tusikilizane. Mfaransa mwenyewe hatafuti jina, anauliza mkate umekandwa wapi. Viwanda vilipoanza kuwauzia watu donge lililogandishwa kwenye barafu, likaokwa dukani na kuitwa mkate mpya, wenyewe waliona huo ni wizi. Mwaka 1993 serikali yao ikatoa amri: mkate ukiitwa wa jadi ya Kifaransa, unga wa ngano, maji, chumvi na chachu, usigandishwe hata mara moja, wala usitiwe dawa za kuulainisha. Mwaka 1998 wakaongeza sheria nyingine, kwamba duka halina ruhusa ya kujiita la mwokaji kama mwokaji hakandi na kuoka pale pale. Paris kila mwaka, tangu 1994, wanashindanisha bageti, ile mikate mirefu, na mshindi ndiye anayepeleka mkate Ikulu kwa rais mwaka mzima. Mwaka 2022 UNESCO nayo ikauingiza ufundi wa bageti kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa mkate wa unga na maji! Watu hao wanaheshimu mkono unaokanda.

Sasa wewe unayezunguka mji kutafuta duka la mikate, Mbeya, Iringa au Dar, usihangaike na kibao wala picha ya ule mnara wa Paris ukutani. Nenda asubuhi. Simama mlangoni uvute pumzi. Harufu ya mkate ikikupokea nje, kuna mtu kaamka saa 9 usiku kwa ajili yako. Ikiwa unasikia harufu ya friji tu, geuka. Tazama mikono ya anayekuhudumia na sakafu ya nyuma, unga haufichiki. Uuchukue mkate uugonge chini kwa kidole: ulioiva vizuri unaitika kama ngoma ndogo, mbichi unanyamaza. Kisha muulize unatoka saa ngapi. Mwokaji wa kweli anakujibu kwa saa, mchuuzi anakujibu "upo tu".

Iringa nawapa heshima yao. Pale Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, kuna mgahawa unaohudumiwa na viziwi, na kwenye keki yao hutasikia malalamiko yangu.

Kijana akaniuliza, "Na kruasani je, mzee? Ile yenye matabaka?" Nikamwambia geuka nyuma. Dada yetu wa chapati alikuwa kazini. Kasukuma donge, kalipaka mafuta, kalikunja kama ukili, kalizungusha likawa konokono, kaliacha lipumzike, ndipo akalisukuma tena. Hilo ndilo wazo la kruasani! Mpishi wa Ufaransa naye anafunika siagi baridi ndani ya donge, anasukuma, anakunja mara tatu, anarudia mpaka mara tatu, siagi inakuwa matabaka 27. Ndani ya tanuri maji ya siagi yanageuka mvuke na kuinua kila tabaka. Siagi ikiyeyuka mapema, kazi imekufa, ndiyo maana kruasani ni chakula cha sehemu ya baridi au ya friji nzuri. Na hata huyo Mfaransa alifundishwa: mwishoni mwa miaka ya 1830 mtu wa Austria, August Zang, alifungua duka Paris akiuza mikate ya kwao Vienna, na Waparis wakaiga. Kwa hiyo dada huyu asidharauliwe na mtu aliyekula kruasani moja Masaki.

Tatizo letu sisi ni haraka. Chunya kuna joto, donge linaumuka upesi, na bado mtu anajaza hamira na sukari ili saa moja awe ameshauza. Mkate unavimba, ndani hauna ladha, kesho yake ni makapi. Punguza hamira, tumia maji baridi, kanda jioni, funika, acha lilale usiku kucha. Chachu ikifanya kazi taratibu ndipo ngano inapotoa utamu wake. Kule Uyole na Uporoto ni kinyume, baridi inalilaza donge, watu wanalisogeza karibu na jiko. Kila mji una saa yake ya donge, na saa hiyo anaijua mwenyeji. Mkate unaopanda gari hauijui.

Ngano ipo kwenye nyanda zetu hizi, Makete, Njombe, mpaka Uporoto, na Uyole kuna kituo cha utafiti wa mazao kilomita chache kutoka Mbeya mjini. Ndiyo, unga mwingi tunaokula nchini ni wa ngano ya nje, vita vya Ukraine vya 2022 vilitukumbusha hilo bei ilipopanda. Hiyo ni sababu ya kulima zaidi, siyo ya kukubali mkate uliochoka.

Halafu mtu ananiambia Chunya hakuna fundi wa tanuri. Nyoo! Wilaya hii ya tumbaku! Mkulima anayelala nje ya bani lake siku nzima na usiku, anapima joto, anaongeza gogo, anapunguza hewa, jani lisiungue wala lisioze, huyo atashindwaje na tanuri la mikate? Kina mama wanaooka keki ndani ya sufuria, mkaa chini, mkaa wa kupalia juu ya mfuniko, na keki inatoka imeiva pande zote, hao watafundishwa nini zaidi ya kupewa nafasi na mtaji?

Wewe kijana mwenye gramu, nakuomba. Kabla hujanunua pikipiki ya tatu, kaa na yule dada wa chapati mhesabu pamoja: matofali ya kuchoma, udongo, fundi mmoja, gunia la unga. Mpe tanuri, yeye akupe mkate. Mimi nitakuwa mteja wa kwanza, saa 12 asubuhi, na pesa yangu mkononi.