Jinsi ya Kumdanganya Kila Mtu Isipokuwa Mgongo Wako

Maumivu ya mgongo wa kati, pale chini ya mabega na juu ya kiuno, huja wakati mbaya: kilomita ya nne, kundi zima la jogging likiwa nyuma yako, na wewe ndiye uliyejigamba jana usiku kwamba leo utaongoza. Usisimame ukajishika. Zipo njia za kujiokoa bila mtu kugundua, nami nakupa ninazoziamini.

Anza na mabega, maana hapo ndipo tunapojiumiza wenyewe. Pita barabara ya Toure Drive alfajiri ya Jumamosi uwaangalie wakimbiaji: kila wakikutana na watu, kifua kinatunishwa, mgongo unakakamaa kama wa askari wa gwaride. Watu wakiisha, bega linapanda hadi sikioni na kichwa kinaning'inia mbele. Sehemu hiyo ya kati ya mgongo ina pingili 12, na kila moja imeshikana na jozi ya mbavu. Kwa hiyo ukikunja ngumi, ukibana mikono kifuani na kuvuta pumzi fupi za juujuu, misuli ya hapo inafanya kazi ya miguu, ya mikono na ya mapafu kwa pamoja. Lazima ilalamike.

Dawa yake ni saa ya mkononi. Jifanye unaitazama. Kisha shusha mikono yote miwili, itikise, toa pumzi ndefu mpaka iishe, acha mabega yaanguke yenyewe. Watu watadhani unapiga hesabu za kasi yako. Rudia kila unapoona nguzo ya umeme inayokupendeza. Na ile simu unayoikamata mkono mmoja tangu nyumbani, iache au ifunge kiunoni, inakupindisha upande.

Hatua inayofuata ni kutembea. Najua, neno lenyewe linakuchoma. Lakini Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alijijengea jina kwa kuwafundisha watu kuchanganya kukimbia na kutembea, tena kwa mpango, kabla hawajachoka. Siri yote iko kwenye "kabla". Anayetembea kwa kuchoka huonekana ameshindwa. Anayetembea mapema huonekana ana mbinu. Ukihitaji visingizio, viko tele: meza ya maji, bodaboda inayokatiza, kamba ya raba. Kamba itumie mara mbili tu kwa asubuhi moja. Katika dakika hiyo ya kutembea, nyoosha shingo, zungusha mabega, kisha ondoka tena kwa hatua fupi fupi. Hatua ndefu ni za kwenye picha.

Kama bado unaogopa kuonekana vibaya, mkumbuke Emil Zátopek. Alikimbia uso umekunjamana na kichwa kikiyumba, na bado kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu za mita 5,000, mita 10,000 na marathoni. Hulazimiki kuwa mzuri wa kutazamwa. Ila ukitaka wa kumwiga, mwige Eliud Kipchoge, aliyemaliza marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019: yeye hutabasamu kwa makusudi anapoumia. Tabasamu hulegeza taya, na taya ikilegea shingo na mabega navyo hufuata. Faida ya ziada: mpigapicha atakupenda.

Kazini, danganya zaidi. Kukaa kutwa umeinamia kompyuta kunakaza mgongo huohuo utakaoudai wepesi jioni. Pokea kila simu ukiwa umesimama. Weka chupa ya maji meza ya mbali. Ukifika nyumbani, viringisha taulo, lala chali sakafuni taulo likiwa limekatiza chini ya mgongo wa kati, magoti yamekunjwa, mikono nyuma ya kichwa. Legea taratibu, vuta pumzi kubwa mara nane au kumi. Familia ikiuliza, umejilaza tu.

Dada zangu, sidiria iliyolegea au inayobana mbavu nayo huumiza mgongo. Badilisheni hiyo kabla ya kubadilisha raba.

Kuna watu wawili usiowadanganya kamwe: daktari na figo zako. Usimeze diklofenaki ili umalize mbio. Inaficha kinachokuonya, na mwili ukiwa umepungukiwa maji inaweza kudhuru figo. Maumivu yanayokuamsha usiku, yenye homa, jasho la usiku au kukonda, yapeleke hospitali, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na sehemu hiyo ya kati ni mojawapo ya inazozipenda. Miguu ikifa ganzi au kulegea, mkojo ukikataa au kukutoka, maumivu yakianza baada ya kuanguka, au kifua kikibana na pumzi kukatika, nenda leo hii. Hapo mizaha yote naiweka chini.

Sasa tuje Moshi. Umejiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon, marafiki wote wanajua, na mgongo umekataa. Usipambane. Kuna kilomita 21, na kuna 5. Kama waandaaji wanakuruhusu kubadilisha, shuka hadi 5, na ukiulizwa sema unamsindikiza shemeji. Nani atakulaumu kwa kumjali shemeji? Tembea nusu, salimia watu, kunywa maji. Ukishavuka mstari tafuta kivuli mapema, na atakayekuuliza umekimbia ngapi, muulize yeye kwanza ilikuwaje kule kwenye mlima. Atakusimulia mpaka chai ipoe.