Tumsifu Kiambishi

Ngoma zimesifiwa, wapigaji wamesifiwa, na siku hizi inasifiwa hata kompyuta inayopiga bila mpigaji. Lakini hajatokea wa kusimama hadharani na kumsifu kiambishi, yale maandishi mafupi yanayotangulia ujumbe wa vitufe na taa kati ya gridi ya muziki na programu yake. Dhuluma hiyo ikome leo.

Tuanze na nasaba, maana mtu hasifiwi bila kutajwa wazee wake. Babu yake ni Open Sound Control (OSC), itifaki ambayo Matt Wright na Adrian Freed wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliitangaza mwaka 1997. Babu aliamuru kila anwani ya ujumbe ianze na mkwaju (/), na amri hiyo haijatenguliwa hadi leo. Wazazi ni Brian Crabtree na Kelli Cain, Wamarekani walioanza kuuza gridi ya monome mwaka 2006: kisanduku chenye vitufe 64, kila kimoja na taa yake chini, bila neno wala namba juu yake. Kisanduku hicho cha kwanza kiliitwa 40h, kwa kuwa 64 huandikwa 40 katika hesabu za msingi wa 16. Ukoo unaoita sitini na nne arobaini, nani alitarajia uzae mtoto mnyoofu?

Sasa cheo. Kitufe cha monome, chenyewe, hakina kazi. Ukikibonyeza, taa yake haiwaki wala sauti haitoki. Kinachotoka ni ujumbe kwenda kwenye kompyuta. Siku hizi unasomeka hivi: /monome/grid/key 0 0 1, yaani kitufe cha kwanza kabisa, juu kushoto, kimebonyezwa. Ukikiachia, ile 1 ya mwisho inakuwa 0. Programu ndiyo huamua kama kuna sauti ya kupiga, na ndiyo hujibu /monome/grid/led/set 0 0 1 ili taa iwake. Na mbele kabisa ya msafara huo, kabla ya gridi, kabla ya kitufe, kabla ya namba zote, amekaa nani? Yeye, /monome.

Uadilifu wake hauna mfano. Chukua mlr, programu ya Crabtree mwenyewe, inayokata rekodi vipande na kumwezesha mpigaji kurukia kipande chochote kwa kidole. Kiambishi chake ni /mlr. Ukiandika /MLR, hakujui. Ukisahau mkwaju, hakujui. Ukiacha nafasi moja mwishoni, ambayo jicho haliioni, hakujui pia. Ni bawabu asiyepokea chai, na anayemkatalia hata mwenye nyumba.

Upole wake ndio unaonitoa machozi. Makosa mengine ya kompyuta yana makelele: yanafungua dirisha, yanataja mstari, yanadai ubonyeze sawa. Kiambishi hamkaripii mtu. Ujumbe wake kwa kawaida husafiri kwa UDP, njia ya mtandao ambayo haidai risiti. Ukifika na kiambishi kisichotakiwa, unaachwa uanguke, basi. Mtumaji anaapa kwamba ameutuma, na kweli ameutuma. Waya mzima, gridi nzima, programu iko wazi, na giza totoro. Hapo mwenye gridi atabadilisha waya wa USB, atazima kompyuta na kuiwasha, ataweka upya kila kinachowekeka, atamshuku fundi aliyepita wiki jana, kabla hajatazama herufi nne. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo ni ngumi ya meza.

Ana kumbukumbu pia. Serialosc, programu inayosimama kati ya gridi na nyingine zote, humhifadhi. Chomoa gridi usiku, ichomeke asubuhi: itaamka na kiambishi cha programu uliyoitumia jana, hata kama uliifuta kwa hasira. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu.

Na ni mweka akiba. Anwani za OSC hujaziwa mpaka urefu wake ugawanyike kwa nne. Anwani /mlr/grid/key huchukua baiti 16. Ile ya /monome/grid/key, iliyozidi herufi tatu tu, hupanda hadi 20. Anayechagua jina fupi basi anaokoa baiti nne kila anapogusa kitufe, utajiri ambao hatauona popote maisha yake yote.

Wapo wanaotaka astaafu. Wanasema programu nyingi sasa hujipangia kiambishi zenyewe zinapounganishwa, na kwamba kwenye norns, kompyuta ndogo ya sauti iliyotolewa na monome wenyewe mwaka 2018, mwandishi wa hati huiita gridi moja kwa moja bila kumgusa huyu bwana. Ni kweli, na kazi inakwenda. Ila mpigaji ambaye hajawahi kukwamishwa naye hudhani taa inawaka kwa sababu amebonyeza. Aliyekwamishwa anajua kwamba kati ya kidole na taa kuna mtu aliyeandika jambo, na kwamba jambo hilo linaandikika upya: bonyeza kushoto, iwake kulia, gusa kimoja, safu nzima ikimbie, au kisiwake chochote, sauti itoke gizani. Utamu wote wa gridi umo katika pengo hilo. Vitabu vya maelekezo hulieleza kwa aya nzima na msomaji huruka. Kiambishi hulieleza kwa kuzima taa zote 64 kwa mpigo, na hakuna anayeruka.

Kwa hiyo ukimkuta mtu usiku wa manane ameikodolea macho gridi iliyozimika, usimpe pole. Mpe hongera, kisha mwulize kama ameweka mkwaju.