Jinsi ya Kukosa TASAF kwa Heshima

Ndugu yangu wa Kinjumbi, sogea karibu. Una nyumba ya bati, una pikipiki, mikorosho yako inazaa, lakini ukisikia kaya masikini zinaandikwa TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia, moyo unakudunda. Hela ya serikali nani haitaki? Ngoja nikufundishe kuikosa bila kuadhirika.

1. Piga hesabu. Katika awamu ya TASAF iliyozinduliwa Februari 2020, ajira za muda zililipa shilingi 3,000 kwa siku, siku 10 kwa mwezi, miezi 6. Jumla 180,000 kwa mwaka, nawe umeshinda juani ukichimba lambo. Kwako hiyo ni hela ya matairi. Kwa mjane anayelea wajukuu, ni unga wa miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa.

2. Pikipiki iache uani. Wapo wanaoikimbizia kwa shemeji usiku wa kuamkia mkutano wa kijiji. Kazi bure. Wanaotaja kaya masikini ni wanakijiji wenyewe, hadharani, na mlio wa pikipiki yako wanaujua. Halafu linakuja dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, mali gani.

3. Mama usimtenge. Mnaokula chungu kimoja ni kaya moja. Ukimwandikisha kwamba anaishi peke yake, siku akiulizwa atasema kweli, nawe utamtazama kwa jicho gani?

4. Kata njia. Jina lako likisomwa, simama kabla hujasimamishwa: "Mwenyekiti, ahsanteni, mimi najiweza. Mwandikeni yule bibi wa bondeni." Utapigiwa makofi. Yapokee yote, najua unayapenda, na ni haki yako.

5. Ukishakosa, kuwa mkali. Wasemee wasiothubutu kusimama mkutanoni. Malipo yakichelewa, uliza kwa nini. Siku za kazi zikigongana na palizi, kataa: fukara akiacha shamba lake kwa ujira wa leo, mwakani atakuwa fukara zaidi. Hakikisha mzee na mlemavu wanapata ruzuku yao bila kushikishwa jembe.

Nafasi za kijiji zina idadi. Mwenye nacho akiingia, asiye nacho anabaki nje, na mpango uliokuja kuziba pengo unalipanua kwa fedha ya umma. Kwa hiyo ikose TASAF, ndugu yangu, tena mchana kweupe, majirani wote wakikuona.